Mpaka Uliokaa Ndani ya Kopo

Binti yangu alirudi kutoka sokoni Korogwe amekumbatia chungu cha kauri kama mtoto mchanga. Akakiweka kwenye kona ya sebule, kati ya televisheni na kabati la vyombo, akarudi nyuma hatua chache kukitazama. Ndani yake mlikuwa na mmea wa majani marefu membamba, ya kijani kilichoiva, yameinama kama yanasikiliza.

"Baba, hili ndilo ua la ndani la kisasa," akaniambia. "Halina shida. Unalimwagilia tu kila siku."

Rafiki yangu, nilicheka mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu ule mmea naufahamu kuliko ninavyozifahamu sura za hawa watoto wangu. Kwetu hilo si ua. Hayo ni masale. Na kwa sababu ya masale nimemchukia mtu mmoja tangu nina meno ya utoto mpaka leo nina mvi, na sikuwahi kuwa na mpango wa kuacha.

Nikuambie kwanza mimi ni nani, maana siku hizi mtu asiye na cheti anaonekana hana la kusema. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini simama stendi ya Korogwe uulize nyumba ya wageni yenye bati jekundu, hata mtoto atakupeleka. Mashine ya kusaga pale Makuyuni ni yangu. Malori yanayoshusha mahindi Handeni mvua zikikataa ni yangu. Sikurithi hata kijiko. Wenye digrii zao wananipigia simu wananiita mzee, wanaomba nafasi. Kwa hiyo nikisema najua kutunza mmea ndani ya nyumba, nisikilize. Nimejifunza katika nyumba ya udongo yenye dirisha la ukubwa wa sahani, katika nchi ambayo maji yalikuwa yanafichwa kama dhahabu.

Aliyenifundisha ni bibi yangu, aliyenilea. Alizaliwa milimani, Kwashemshi, akaolewa huku chini Handeni na babu yangu Mzigua. Kwao milimani masale ndiyo mpaka wa shamba, na ndiyo alama ya kaburi. Watu wawili wakishayapanda pamoja, yameisha, hakuna wa kuvuka, wala mtoto wake, wala mjukuu wake. Babu akaupenda utaratibu huo. Akayapanda yeye na baba wa jirani yetu, mstari mmoja kutoka kwenye korongo hadi kwenye kichuguu kikubwa, na babu alipofariki wakamzika pale mstari unapoishia. Mimi sikumkuta. Nilikuta kaburi, na yale majani yakichakarika upepo ukipita.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mimi siandiki siasa hapa. Wakubwa walikuwa na hoja zao, shule, zahanati, kisima, na mengine tuliyaona kwa macho. Ninayemsema ni jirani, yule mtoto wa aliyepanda na babu. Lori la kubeba vyombo halijafika bado, yeye ameshashika jembe. Aling'oa mstari mzima peke yake, bila kuagizwa na mtu, jasho linamtiririka, huku anapiga kelele, "Mipaka imekwisha! Sasa sote ni ndugu!" Na alikuwa anatabasamu. Anayeng'oa mpaka kwa ajili ya undugu hatabasamu namna ile. Bibi alisubiri ageuke, akachomoa kijiti kimoja kwenye lile lundo, akakifunga kwenye upindo wa kanga, tukapanda lori.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Korogwe, nyumba zimepangwa kwa kamba kama gwaride. Na bahati yetu ilivyo mbaya, nyumba iliyofuata yetu ilikuwa yake, tena yeye ndiye akawa balozi wetu wa nyumba kumi. Bibi alijua akikisimika kile kijiti nje, hata kiwe kimoja, jirani atapiga mbiu kwamba kizee kimeanza kugawa ardhi ya kijiji. Basi akakipanda ndani, kwenye kopo la mafuta ya kupikia alilolitoboa matundu chini kwa msumari uliochomwa moto. Alitaka jambo moja tu duniani. Siku tutakayoachiwa kurudi kwenye mahame yetu, aurudishe ule mmea pale pale kichwani kwa mumewe, ili jirani asije akalima juu ya mifupa yake.

Kazi ya kuuweka hai ikawa yangu na yake. Asubuhi dirisha lilitupa kipande cha jua kwenye ukuta wa magharibi, kikashuka sakafuni, kikatambaa polepole kupita kitanda, kikapita kinu, kikapotelea mlangoni. Mimi nilikifuata na kopo. Nilikuwa nikicheza gololi nje nasikia sauti yake, "We! Jua limekuacha!" nakimbia ndani kulisogeza. Kuku walilala humo humo nasi, kwa hiyo usiku kopo lilifunikwa tenga. Moshi wa kuni ulipaka majani masizi, na kila Ijumaa bibi aliyafuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata alipokuwa ananisugua mgongo kwa dodoki.

Na maji? Alitawadha juu ya kopo. Maji ya mikono na ya uso yalidondokea kwenye udongo, lakini sala ya adhuhuri tu, nyingine alikinga beseni tukaoshea vyombo. Miguu aliosha nje. "Maji ya miguu siwezi kumpa mume wangu," alisema. Na kabla ya hayo yote aliingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kikitoka na unyevu, hapewi hata tone. "Usimnyweshe kwa kumhurumia," aliniambia. "Mnyweshe akiwa na kiu." Nikikumbuka harufu ya nyumba ile, ni hiyo: udongo uliolowa kidogo, moshi, na bada, ugali wetu wa muhogo, inayosongwa, mlenda unachemka pembeni. Sijapata kula chakula kitamu kama kile, na usiniulize mlenda ulikuwa na nini, haukuwa na kitu.

Jirani aliugundua siku ya ukaguzi wa usafi. Aliingia na wanaume wawili wa kamati, akachungulia chini ya kitanda, akapiga chafya, halafu macho yake yakaliona kopo.

"Bibi, hii nini?"

"Ua."

"Ua gani linawekwa ndani na kuku?"

"Wazungu wa mashamba ya mkonge walikuwa wanaweka ndani na mbwa. Mimi na kuku wangu nimekosa nini?"

Wale wa kamati wakaangaliana. Jirani akainama, akashika jani. Alikuwa anajua. Baba yake ndiye aliyeyapanda.

"Huu ni mpaka, bibi."

"Mpaka wa wapi na wapi, mwanangu? Wa kitanda na kinu?"

Mmoja wa kamati alicheka mpaka akatoka nje. Jirani hakucheka. Akasema, kwa sauti ya kiofisi, kwamba mmea huo ung'olewe. Bibi akakaa kwenye kigoda chake, akakunja mikono.

"Ng'oa wewe. Si umeshazoea?"

Sasa elewa jambo hili. Nje, mchana, kwa jina la amri, mtu aling'oa akapigiwa makofi. Lakini kuingia ndani kwa mjane na kumng'olea alama ya kaburi la mumewe, huku mashahidi wanakutazama, hiyo hata mtu asiye na haya anaifikiria mara mbili. Jirani akatoka bila kuaga. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa mtoto, sikujua bado kwamba mtu wa namna ile hakubali, anabadili njia tu.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Pampu ya kijiji iliharibika, wanawake wakawa wanapanga ndoo kisimani tangu alfajiri, foleni inatoka kisimani inafika ofisi ya kijiji. Na katika ukame huo, mmea wetu ukaanza kuwa njano. Ukaanzia majani ya chini, ukapanda juu. Shina likawa laini chini kama ndizi iliyolala. Bibi alitia kidole kwenye udongo, akakitoa, akakitazama. Tope. Alininusa mikono, akanikazia macho. Nikaapa kwa Mungu sijamwaga. Aliniamini, maana alijua nisingeweza kumwaga maji niliyokuwa nayaota usingizini.

Kila chuma cha kwenye mti wa ofisi kilipogongwa, watu walikwenda shamba la kijiji, wakabaki wanawake wa foleni ya kisimani tu. Siku moja homa ikanishika kule shambani, bibi akaniambia nirudi nyumbani. Nikasukuma mlango. Rafiki yangu, nilimkuta balozi. Amechuchumaa mbele ya kopo, kata ya maji mkononi, anamimina taratibu, uangalifu mtupu, kama mama anayenywesha mgonjwa. Na amelizibia matundu ya chini kwa udongo wa mfinyanzi.

Umewahi kuona chuki ya namna hiyo? Watoto wake mwenyewe walikuwa na midomo iliyopasuka kwa kiu. Mtu anatoa maji kwenye mtungi wa nyumba yake, anakuja kuyaua nayo masale ya kizee.

Homa ilinitoka pale pale. Mdomo wangu tangu zamani ni mkubwa, ndio ulionitajirisha. Nikatoka nje nikapiga kelele foleni nzima ya kisimani isikie: "Balozi anamwagilia mpaka! Njooni mwone! Balozi anamwagilia mpaka!"

Walikuja na ndoo zao. Alikuwa bado na ile kata, hakujua aiweke wapi.

"Kumbe maji yapo!" mama mmoja akasema. "Sisi tunakesha kisimani, wewe mwenzetu unanywesha majani?"

"Na mipaka si ulisema imekwisha, balozi?" akadakia mwingine. "Huu unaukuza wa nini?"

"Nimeona unakauka," akasema. "Nikamhurumia bibi."

Bibi alikuwa amenifuata kwa nyuma, wasiwasi wa homa yangu haukumwacha alime. Akapita katikati ya watu, jembe begani. "Huruma yako naijua, mwanangu," akamwambia. "Ungekuwa nayo, hiyo kata ungempa huyu mtoto mwenye homa." Akaichukua mkononi mwake, yamebaki maji kidogo chini, akaninywesha. Mbele ya wote. Tangu siku hiyo jirani aliitwa Bwana Maji, na mpaka anakufa hakuna aliyemwita vingine nyuma ya mgongo wake. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, na silijutii.

Mmea sasa. Bibi aliuchomoa, mizizi yote imeoza, inanuka. Akaukata kwa kisu juu ya palipooza, akaulaza kwenye uchaga juu ya moto, mkavu, bila tone la maji. Nikamwambia utakufa. Akasema, "Umekunywa hadi umelewa. Uache ulale." Kidonda cha shina kilipokauka, akausimika kwenye udongo mpya, na mimi nikarudi kufukuza kipande changu cha jua. Ukatoa jani jipya limekunjwa kama barua. Bibi alilitazama, akaingia kupika, akanipa ukoko wote wa sufuria.

Miaka ikapita, amri zikalegea, watu wakaanza kurudi kwenye mahame kimyakimya, familia moja moja. Siku tuliyorudi, jirani naye alikuwa ameshafika, amefyeka, jembe linakaribia kaburi la babu. Bibi hakumsalimia. Alilipasua lile kopo kwa panga, akauweka mmea kichwani kwa mumewe, akaushindilia kwa kisigino. Jirani alisimama upande wa pili, akautazama. Kisha akarudisha jembe nyuma. Miaka yote iliyofuata alilima mpaka pale na hakupita hata kwa upana wa kiganja. Hawakusalimiana tena mpaka bibi alipokufa. Siku ya mazishi alisimama mbali, kofia mkononi.

Hayo yote yalinipanda kichwani pale sebuleni. Nikakichukua kile chungu, nikamwacha binti yangu analalamika, nikawasha gari nikaenda kwenye mahame. Jirani alikwishafariki, najua, nilipata habari nikasema Mungu amlaze, kwa midomo tu. Nilitaka kuona watoto wake wanaheshimu mpaka. Nikafika, hakuna mmea. Mahindi yamepita moja kwa moja, yamezunguka kaburi la babu na la bibi kama maji yanavyozunguka jiwe.

Kijana wake mkubwa akaja mbio. "Shikamoo mzee! Karibu sana, karibu uji." Adabu tele. Nikamuuliza yako wapi masale.

"Aa, yale maua? Yalikuwa yamejaa sana, mzee. Kuna mtu wa Korogwe anayanunua, eti watu wanaweka ndani. Tungejua unayapenda tungekubakizia."

Akayasema hayo uso mweupe, hana hila. Nilikuwa nimekuja na ugomvi wa miaka yote, nimeubeba kwenye gari pamoja na chungu, na sikupata wa kugombana naye. Utamgombeza vipi mtu asiyejua alichokivuka? Baba yake alijua. Alikuwa adui, lakini alijua. Jembe lake lilisimama kwa sababu alijua, na hata zile kata za maji aliziiba kwenye vinywa vya wanawe kwa sababu alijua. Sasa hakuna aliyebaki wa kuuogopa ule mmea ila mimi.

Nikaomba jembe. Nikamwambia anionyeshe baba yake amelala wapi, akanionyesha, si mbali, upande wao. Nikachimba katikati, kati ya wao na sisi, nikautoa mmea kwenye chungu cha kauri, ambacho kwa kweli hakikuwa na tundu hata moja chini, nikauzika na kuushindilia kwa kisigino. Kijana akatoa simu akanipiga picha, anatabasamu, anasema limependeza.

Nikaligeukia kaburi la baba yake.

"Haya, Bwana Maji," nikamwambia. "Njoo ung'oe."