Makofi kwa Mama Odeta

Wako watu wakikumbuka aibu zao wanacheka. Mimi hii ya kwangu nimejaribu kuicheka miaka yote na haichekeki, ila kwa kuwa mmenibana na kila mmoja ameshatoa ya kwake, basi sikilizeni: mimi Rehema binti Sudi, mtoto wa Ujiji, mtu ninayelipwa mshahara kwa kazi ya kusikiliza wenzangu, niliwahi kumpigia makofi mwanamke aliyefiwa na mumewe. Tena si peke yangu. Niliongoza hema zima tukampigia.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea saikolojia, na mwaka ule ndio watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kwa wingi, wanashushwa Kigoma na meli, na boti, na chochote kinachoelea, halafu wanakaa kwenye kituo cha muda cha mahema kule upande wa Bangwe kabla ya kupakiwa mabasi kwenda kambini. Chuo kikatuleta wanafunzi wanne kufanya mafunzo ya vitendo pale kituoni. Wenzangu watatu walitoka mikoa ya mbali, hata mgebuka, samaki wetu wa ziwani, walikuwa hawajawahi kumwona sahanini. Mimi nilikuwa nyumbani. Nalala kwa mama, nakunywa chai na chapati, napanda bajaji, nafika kituoni na kitambulisho kifuani kama bingwa kamili (kiliandikwa "mwanafunzi", lakini kwa herufi ndogo, na nilijua jinsi ya kukivaa kikageukia upande wa pili).

Msimamizi wetu, Madamu Tesha, alikuwa mwanasaikolojia wa miaka mingi, mama wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kurudia swali. Siku ya kwanza akatuuliza, "Nani kati yenu anajua Kirundi?" Wenzangu wakaangalia chini. Mimi nikanyoosha kidole.

Sasa niwaambie ukweli wa Kirundi changu. Sisi ni Wamanyema, mababu zetu walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na nyumbani kwetu hatusemi kingine zaidi ya Kiswahili. Kiha nilikiokota sokoni kwa akina mama wanaouza maharage na mawese, na kwa jirani yetu mmoja Muha aliyekuwa akigombeza wajukuu zake uani kutwa nzima, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu nikajiona nimeshafika. Nilijua kusalimia, kushukuru, kuomba kupunguziwa bei na matusi mawili. Hicho ndicho nilichonyooshea kidole.

Bahati nzuri (au mbaya, maana ndiyo iliyonificha) tulikuwa na mkalimani, Mwalimu Deo. Naye alikuwa mkimbizi, kwao alikuwa akifundisha shule ya msingi, mtu wa umri wa baba yangu. Kwa wiki mbili tukikaa na watu yeye ndiye anafasiri, na mimi natikisa kichwa kabla hajamaliza, kana kwamba nahakiki tu kama amepatia. Jamani, vijana tuna mambo! Na kichwa kilivyozidi kutikisika ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kweli naelewa.

Katika wale akina mama wa kituoni kulikuwa na mmoja tukimwita Mama Odeta, kwa jina la binti yake wa miaka kama sita. Tangu afike alikuwa hajafungua kinywa. Anakaa mwisho wa mkeka, mtoto kamlalia, anatazama mlango wa hema. Hatukujua habari zake, na Madamu alitukataza kumchokoza. "Atasema akiwa tayari. Kazi yenu ni kuwepo siku hiyo."

Basi ikafika siku ya wageni. Walitoka Dar es Salaam, wakubwa wa wale waliokuwa wakifadhili huduma yetu, na Madamu akanipa mimi niongoze kikao cha akina mama, kikao chepesi tu, habari za usingizi na namna ya kutuliza pumzi. Wenzangu wakaniangalia kwa kijicho, nami nikavimba. Nikawaza, nikisimama pale na mkalimani pembeni, wageni wataona nini cha ajabu? Nikamfuata Mwalimu Deo.

"Shikamoo Mwalimu. Leo pumzika tu, nitamudu mwenyewe."

Akanitazama. "Marahaba. Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Mwalimu."

"Haya. Niko hapo nje kwenye benchi. Ukikwama niite, si vibaya kukwama."

Ndio uamuzi wenyewe huo, mdogo namna hiyo. Madamu alipoingia na wageni akauliza kwa jicho, mkalimani yuko wapi, nikajibu nimempumzisha, leo tunaelewana, na kwa vile wageni walikuwa wameshaanza kukaa hakuwa na nafasi ya kunibishia.

Nikaanza. "Mwaramutse!" Wakaitikia vizuri. Nikachanganya Kiswahili na vipande vyangu, akina mama wengi walikuwa na Kiswahili cha kuombea maji, kwa hiyo mambo yakaenda, tukavuta pumzi, tukatoa pumzi, wageni nao wakavuta na kutoa, na mimi najiona nimezaliwa kwa kazi hii. Ndipo Mama Odeta akanyoosha mkono.

Madamu akasogea mbele kwenye kiti chake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichowaza ni kwamba wiki mbili za Mwalimu Deo hazikumfungua huyu mama, nimemfungua mimi kwa dakika ishirini.

Akasema kwa sauti ndogo, maneno mengi, yakinipita kama maji. Nikawa natikisa kichwa kile kile. Mwishoni nikanasa kipande kimoja safi: "Umugabo wanje yitavye Imana." Umugabo wanje, mume wangu, hilo nalijua. Imana, Mungu, nani asiyelijua? Na kwitaba je? Kwitaba ni kuitika ukiitwa, jirani yetu alikuwa akiwafokea wajukuu kwa neno hilo hilo kila jioni! Nikaunganisha: mume wangu ameitika wito wa Mungu. Kumbe mume ameokoka! Machozi yalikuwa yanamlenga, nikayasoma kuwa ni ya furaha.

Nikasema kwa sauti ya mkutano, "Hongera sana Mama Odeta! Tumshukuru Mungu! Jamani, makofi kwa Mama Odeta!"

Nikapiga. Wageni wakapiga, mmoja akasimama kabisa. Wanafunzi wenzangu wakapiga. Katika akina mama, wachache walipiga mara mbili tatu kwa kutii, wengine mikono ikabaki hewani. Nikaona zile nyuso na bado sikuelewa, nikadhani wanamwonea haya mwenzao, kwa hiyo nikaongeza kuni motoni: "Na wewe je, mama? Utamfuata lini?"

Mama Odeta akasimama. Akamshika mtoto mkono, akapita katikati ya mkeka mpaka mbele yangu, akanitazama machoni kama mtu anayesubiri kitu. Nikamkumbatia. (Nilifundishwa kutokumkumbatia mtu bila kumwuliza, na mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri.) Mikono yake haikuinuka.

Bibi mmoja aliyekaa karibu ndiye aliyenivuta sketi. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, asiniaibishe, "Mwanangu, kwitaba Imana ni kufa. Mume wake amekufa."

Yule mgeni aliyesimama akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka. Nilitaka kusema pole na pole haikutoka, kikatoka kitu kama kicheko, kicheko cha kutahayari, nikakizima kwa kiganja. Madamu akanyanyuka, akaniambia polepole, "Rehema, kaa." Akamwita Mwalimu Deo, akapiga magoti mkekani mbele ya Mama Odeta. Wageni wakatolewa nje. Mama Odeta hakusema tena neno lolote siku ile.

Jioni Madamu akaniketisha.

"Ulielewa nini?"

"Nilidhani mumewe ameokoka, Madamu."

"Ulipodhani, ulimwuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa baya mno kulisema: ningeonekana sijui.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Aliniambia mafunzo yangu yanaanza upya, wiki zote, na sehemu yangu itakuwa pembeni ya Mwalimu Deo, nikae kimya. Kisha akaniambia Mama Odeta yumo kwenye orodha ya mabasi ya kesho asubuhi.

Kesho yake nikawahi kabla ya jua. Nikamwomba radhi kwanza Mwalimu Deo, akasema, "Twende, tusimkose." Tulimkuta amekaa juu ya furushi lake, anasubiri kuitwa jina. Nikachuchumaa. Nikasema yangu yote kwa Kiswahili, kwamba nilidanganya kuwa najua lugha yake, kwamba kosa ni langu tupu, Mwalimu akafasiri neno kwa neno. Mama Odeta akasikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwa kirefu, bila hasira. Mwalimu Deo akavua kofia.

"Nifasirie, Mwalimu."

"Ni mazito, mwanangu."

"Kama alivyosema, tafadhali."

Akaniambia huku akitazama chini. "Anasema mumewe alishikwa na kuharisha walipokuwa ufukweni wakingoja meli. Akachukuliwa kwenye hema la wagonjwa, yeye akazuiwa kuingia. Baadaye akaambiwa amefariki na ameshazikwa. Hakumwona. Anasema jana wewe, mwenye kitambulisho, ulipompa hongera, na wakubwa wakapiga makofi, akadhani mna habari. Akadhani walikosea jina, mtu wake amepatikana mzima. Na ulipomwuliza atamfuata lini, akasimama na mtoto. Alikuwa anangoja umpeleke."

Likaitwa jina lake. Akainuka, akajitwika furushi, Odeta akamshika kanga. Hakusema amenisamehe na mimi sikuthubutu kumwuliza. Nilibeba ndoo yao mpaka mlangoni mwa basi, akaipokea, basi likaondoka.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kambini kikazi nikamwulizia, nikaambiwa familia nyingi zimehamishiwa kambi nyingine. Sijamwona tena.

Mafunzo nilimaliza, cheti nikapata, kazi naifanya mpaka leo. Wenzangu hospitalini wananitania kwamba mtu akiniambia anaumwa kichwa namwuliza kichwa kipi. Waache watanie. Mtu akisema neno mbele yangu, hata kwa Kiswahili hiki cha mama yangu, namwuliza ana maana gani, na nisipoelewa namwambia sijaelewa, hata kama waziri kakaa kiti cha mbele. Aibu ya kutokujua naimudu. Ile nyingine, ya mwanamke aliyesimama mbele yangu na mtoto wake mkononi akingoja nimpeleke kwa mumewe, ile sitairudia maadamu nina pumzi.