Bata wa Bi Verlene Hajavaa

Watu wanaoandika kwamba Marekani ujirani umekufa, kila mtu na uzio wake na simu yake, wananichosha. Hawajawahi kukaa Kenner Falls, Ohio, wakaamka Ijumaa ya baada ya Sikukuu ya Shukrani wakakuta bata hajabadilishwa nguo.

Bata mwenyewe ni sanamu, bata bukini wa zege, anafika gotini, mzito kama gunia la saruji lililonyeshewa. Anakaa ngazi ya juu kabisa ya baraza la Bi Verlene Stoops. Mumewe, Lyle, alimletea zamani alipoomba mbwa, akasema huyu hali wala habweki. Bi Verlene, ambaye alikuwa anashona viti vya magari kiwandani, hakumsemesha kutwa nzima. Jioni akachukua kipande cha kitambaa cha viti, akamkatia bata koti.

Ohio nzima ina mabata ya zege yenye nguo, sibishi. Lakini wengi wanayavalisha wakikumbuka. Bi Verlene hakosei siku. Februari bata ana mioyo myekundu. Machi ni kijani tupu, kwa ajili ya Mtakatifu Patriki. Pasaka masikio ya sungura. Julai kofia ndefu ya nyota na milia, na gari la zimamoto likipita kwenye gwaride la Uhuru lazima lipige honi kumsalimu. Shule zikifunguliwa ana kibegi mgongoni. Oktoba ni mchawi. Novemba anavaa kofia nyeusi na kola nyeupe kama wale mahujaji wa Kiingereza walioanzisha Sikukuu ya Shukrani, huku ndugu yake bata mzinga yuko jikoni anangoja oveni. Na mwisho wa Mei, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, havai kitu ila utepe mweusi shingoni, kwa sababu kaka yake Bi Verlene alikwenda Vietnam hakurudi. Siku hiyo hakuna anayemtania bata. Nimeona vijana wa pikipiki wakizima muziki wakifika pale.

Lyle alizikwa siku ya Mtakatifu Patriki. Bi Verlene alirudi kutoka makaburini na matope kwenye viatu, akamfunga bata skafu ya kijani, ndipo akakaa kwenye ngazi akalia. Nilikuwa mdogo. Nikamuuliza mama mbona hakulia kwanza. Mama akasema mwaka unapita kwa kila mtu, lakini Verlene anausindikiza.

Sasa, mwaka jana, Sikukuu ya Shukrani, mwanawe Garth alikuja kutoka Arizona, ambako ni fundi wa viyoyozi. Alikuja na gari kubwa la wazi nyuma, na kila mtu mtaani alielewa gari lile limekuja kubeba nini. Bi Verlene alinialika mezani kwa sababu kazini kwangu nilikuwa nimepewa mapumziko ya nusu siku tu, nisiweze kusafiri kwa ndugu, na nadhani pia alitaka shahidi.

Tulikula vizuri mpaka alipoinua mkono kunipa mchuzi, mkono wa sweta ukapanda, Garth akaona alama ya jeraha lililokauka kwenye kiwiko. Akauliza. Mama yake akasema si kitu. Akauliza tena, na ikatoka: Oktoba aliteleza bafuni asubuhi, akalala pale chini mpaka jua linazama ndipo akaweza kujivuta. Hakumwambia mtu. Na mimi, ninayekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, sikujua.

Garth aliweka uma chini. Si mtu mbaya, naomba muelewe hilo.

"Mama, ulilala pale siku nzima. Nani alikuja?"

"Wangejua," akasema Bi Verlene. "Hapa watu wanamwangalia bata."

"Walimwangalia?"

Mama yake akasogeza sahani. "Alikuwa ameshavaa nguo zake za mchawi."

"Kwa hiyo uchague tarehe ya kuanguka? Uanguke sikukuu kwa sikukuu?"

Bi Verlene aliitazama pai ya boga kama vile imemsaliti, kisha akasema sawa, atakwenda Arizona. Alisema hivyo tu. Mwanamke aliyemzika mumewe na asikose siku hata moja, alikubali kwa neno moja, na mimi nilikosa pa kuangalia.

Kabla giza halijaingia Garth alikuwa amepakia maboksi, wapate kuondoka Jumamosi. Alikuwa na haraka ya mtu anayeogopa mama atabadili nia. Akapakia na sanduku la nguo za bata. Likawa la chini kabisa, juu yake vyombo, juu yake vitabu, juu yake turubai na kamba.

Mtaani kwetu ni hivi: hakuna anayewasha taa za Krismasi mpaka bata awe mwekundu, na bata anakuwa mwekundu Ijumaa ile kunapokucha. Mzee Orrin Kessel, jirani wa kushoto, hupanda ngazi mapema na waya mkononi, anangoja. Ijumaa hiyo nilichungulia dirishani na kahawa yangu nikaona kofia nyeusi. Kola nyeupe. Novemba. Sijui nielezeje. Niliiacha kahawa nikatoka na soksi.

Mzee Orrin alikuwa amenitangulia, ndara kwenye barafu, ameacha waya unaning'inia. Garth akafungua na nywele zimemtimka kwa usingizi. Akasema mama yuko salama, yuko ndani.

"Bata ana kofia nyeusi," Mzee Orrin akasema.

Garth akaeleza kuhusu sanduku. Mzee akasema amesikia, ila anataka kumwona Verlene kwa macho yake. Wakati wanabishana akafika Tammy Rusk, anayejitolea zimamoto, na begi lake la huduma ya kwanza, koti juu ya nguo za kulalia. Akatia mguu mlangoni.

"Kaka, mimi sikujui."

"Nimezaliwa nyumba hii."

"Bata naye anakaa nyumba hii, na hajavaa."

Nyuma yetu watu wanaongezeka. Mtu wa posta kaacha gari linanguruma katikati ya barabara. Mama mmoja mgeni, amehamia kona ile majira ya joto, alikuja na mtoto mgongoni na hakujua hata jina la Bi Verlene. Alisema tu wanawe wamemwambia bata amekosea. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Nimewaza sana jambo hilo. Kila mmoja aliangalia dirishani kwake, akaogopa, akatoka. Baraza lilijaa mvuke wa pumzi, na kila aliyefika alimgusa bata kichwani kwanza, kama watu wanavyogusa paji la uso la mgonjwa.

Mwishowe Bi Verlene alitokea nyuma ya mwanawe, kipande cha pai mkononi, anatafuna. Alikuwa amekaa jikoni anasikiliza yote.

"Niko hai," akasema. "Ingieni, mnaniingizia baridi."

Garth hakuingia. Alisimama akiitazama ile barabara, wazee na ndara zao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya katikati ya sala. Kisha akashuka, akafungua kamba, akaanza kushusha maboksi kwenye barafu mpaka akalifikia sanduku. Alimvalisha bata yeye mwenyewe. Joho jekundu alimvalisha mbele nyuma. Mama yake aliona, akaacha.

Mzee Orrin akawasha taa, na nyumba zote zikafuata, mchana kweupe. Halafu akabeba boksi moja akalirudisha ndani bila kumwomba mtu ruhusa. Tukabeba na sisi.

Lakini Garth alikaa mezani na swali lake, na lilikuwa swali la haki. "Na Oktoba, alipokuwa ameshavaa?" akauliza.

Ni yule mama mgeni aliyejibu, huku anambembeleza mtoto. "Si amvalishe kila asubuhi?"

Bi Verlene akakunja uso. Akasema bata si mtoto. Akasema Januari hakuna sikukuu ya kueleweka. Kisha akanyanyuka kutafuta uzi.

Garth aliondoka Jumamosi, gari tupu. Januari sasa, theluji mpaka magotini, hakuna gwaride wala mchawi, na kila asubuhi bata ana skafu tofauti, na kila jioni inavuliwa. Mabasi ya shule yanapunguza mwendo. Na kabla sijavaa viatu simu yangu inalia, Arizona, hata salamu hakuna.

"Leo kavaa nini?"

Naenda dirishani. "Njano," namwambia. "Ana njano."