Saa Mpya Iliyoniletea Kesi ya Kaburi

Jamani, leo Makambako nimeitwa mfukua makaburi!

Nimesharudi nyumbani Njombe.

Nilikuwa nimetoka tu dukani kununua saa ya michezo, toleo jipya lenye sura ya saa za zamani. Mama mmoja mtu mzima akanidaka mkono.

"Hii saa ya mume wangu! Tulimzika nayo!"

Watu wakajaa. Mmoja akaniuliza, "We kijana, umefukua kaburi?" Mwingine akaanza kuokota jiwe.

(Mnajua watu wakishapandwa na hasira.)

Nikasema, "Shikamoo mama. Usiniachie. Twende wote nilikoinunua."

Tukaongozana, umati nyuma yetu.

Mwenye duka, Mzee Salumu, alimsikiliza, kisha akafungua boksi. Saa sita, zote kama yangu.

"Ni mpya, mama. Kiwanda kimeiga zile za zamani."

Mama akazigusa moja moja. Akaniachia mkono, akakaa chini, machozi yakamtoka.

"Kumbe mzee wangu hajaguswa," akasema. "Amelala salama."

Hasira zote za kuitwa mfukua makaburi zikaniisha.

Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?