Kitufe cha Bado

Kila asubuhi ya shule naamriwa na mke wa kaka yangu, na sioni haya kulisema. Mimi ni dereva wa basi la shule, yeye ndiye matroni. Usukani ni wangu, lakini gari halitoki mpaka yeye apige bodi makofi mawili. Mtoto akiwa bado amesimama anagombea dirisha, au mkanda wa begi umenasa mlangoni, shemeji hupaza sauti kule nyuma neno moja tu: bado. Mimi mguu uko kwenye klachi, na nyuma yangu mwenye gari dogo anapiga honi na kunitukania wazazi. Apige mpaka honi ikauke. Bado ni bado.

Jioni tukirudi, tunakutana tena vitani. Naona unacheka. Cheka umalize, halafu nisikilize.

Ni mchezo wa mtandaoni. Watu kumi, kila mmoja kwao, mnaingia pamoja kwenye pango kulipiga jitu lenye nyundo. Mimi ni ngao: kazi yangu ni kusimama mbele nipigwe ili wengine wasipigwe. Shemeji ni mganga: sisi tunapigwa, yeye anatuponya. Anachezea sebuleni kwake, mimi chumbani kwangu ng'ambo ya ua, na sauti yake hunifikia kwanza kupitia dirishani, halafu ndiyo ije kwenye hedifoni.

Kaka yangu hachezi. Yeye akimaliza kuosha vyombo humletea mkewe chai, anasimama nyuma ya kiti, anakikodolea kioo macho kidogo, anauliza, "Mmeshaliua?" Shemeji bila kugeuka anajibu, "Bado." Kaka anarudi zake kwenye redio. Hiyo ndiyo ndoa yao, na Mungu aizidishie.

Sasa shika hili, maana ugomvi wote umetoka hapa. Kabla ya kulivamia jitu, kiongozi humfungulia kila mtu kiboksi chenye vitufe viwili, Tayari na Bado. Wote mkibonyeza Tayari, mnaingia. Katika chama chetu, yaani kundi letu la kuchezea, kitufe cha pili kilikuwa pambo. Kukibonyeza ilikuwa aibu, kama kuomba ruhusa ya kwenda chooni mbele ya wakwe. Watu walibonyeza Tayari deraya zimechanika, dawa zimewaishia, sufuria iko motoni. Mmoja alibonyeza Tayari akaenda kufungua geti, tukapigwa sisi yeye akiwa anasalimiana na mgeni.

Shemeji alikuwa anabonyeza Bado. Ndiyo maana wakamwita Bibi Bado, wakidhani wanamuumbua.

Kiongozi tulimwita Kamanda. Sijawahi kumwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti tu, fundi simu wa mji mwingine, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Chama tulikianzisha watatu, yeye, mimi na shemeji. Na shemeji tangu mwanzo alikuwa na hamu moja, hakuificha kwa mtu: siku jitu linaanguka, awepo. Si kusimuliwa. Awepo pale pangoni, amesimama kwa miguu yake.

Ndipo akaja Fundi Bomba. Jina lenyewe linakwambia kazi yake. Mtu mzima mwenye wajukuu, sauti ya upole, akiuliza anaanza na samahani. Jitu likiinua nyundo, mmoja wetu huwaka duara jekundu miguuni. Huyo anatakiwa akimbie mbali na wenzake, kwa sababu nyundo inamfuata yeye. Akibaki kati yetu, tumekwisha sote. Ni jambo la kumweleza mtu kwa pumzi moja. Kamanda hakumweleza. Alimwambia akatazame video, chama si shule ya chekechea.

Siku ya kwanza Fundi Bomba aliwaka, na unajua alikimbilia wapi? Kwa mganga. Mbio, na nyundo juu yake, moja kwa moja mpaka kifuani kwa shemeji. Tukafa wote papo hapo.

Kamanda alimshushua mzee wa watu mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Alimwita mzigo. Alimwambia kuna michezo ya kupanga karata kwa watu wa umri wake. Kisha akafungua kiboksi kana kwamba hakuna kilichotokea, na Fundi Bomba, kwa aibu, akawa wa kwanza kubonyeza Tayari. Shemeji akabonyeza Bado. Akasema huyu bwana hajaelewa, aelezwe, tunangoja. Kamanda akajibu kwamba Bado moja zaidi kutoka kwake, basi atafute chama kingine. Hakuna aliyemweleza mzee. Tukavunja kikao hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata, mchana, tulikusanyika tena. Kiboksi kikafunguka. Tisa Tayari, tena chap chap. Kikawa kinamngoja shemeji peke yake, naye akamgeukia Fundi Bomba, akamuuliza kwa utaratibu, kama anavyomuuliza mtoto amekalia nini.

"Ukiwaka nyekundu, unaelekea wapi?"

Mzee akasema, "Kwako, mama. Si wewe ndiye mganga?"

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka, maana jibu lile lilikuwa na akili zake timamu. Mtu akiumwa aende wapi? Shemeji akabonyeza Bado, na kabla hajafungua kinywa kueleza, Kamanda akamtoa. Jina lake likatoweka kwenye kioo. Dirishani nikasikia kiti chake kikisogea.

Mwanamke aliyekijenga chama kile, aliyewaponya wote na uzembe wao, anatolewa kama mtu aliyeingia harusini bila kadi. Kamanda akafungua kiboksi upya. Nikabonyeza Bado. Akaniuliza kitufe changu kimekwama au vipi.

"Hakijakwama," nikamwambia. "Mmemtoa mganga, basi na ngao inakwenda kwao. Lipigeni kwa mdomo, mdomo mnao."

Nikatoka. Nikavuka ua na singlendi yangu, hedifoni shingoni. Nilimkuta shemeji amekaa, mikono mapajani. Hakuwa analia. Angekuwa analia ningepata la kusema. Aliniambia tu kwamba alitaka awepo, na sasa watalimaliza bila yeye. Ilimuuma, na ilionekana.

Tukiwa hapo, kioo kikawaka. Ujumbe wa Fundi Bomba: naye ametoka, na samahani kwa usumbufu, lakini mama, sasa nikiwaka niende wapi? Shemeji akacheka mpaka akajifuta macho. Akamwandikia: ukiwaka, unikimbie mimi. Nenda ukutani peke yako. Mkono wangu ni mrefu, utakufikia huko huko.

Basi. Kumbe ilikuwa maneno hayo tu.

Tukaanzisha chama kingine, tukakiita Bado. Tulizoa waliotemwa na wengine: mshonaji ambaye mtandao wake unakatika mvua ikinyesha, mwalimu mwenye mtoto mchanga, mlinzi anayecheza siku zake za mapumziko. Sharti letu lilikuwa hili. Ukisema bado, haulizwi mtu kwa ukali. Unasema kinachokosekana, tunangoja. Una sufuria motoni, sema sufuria. Ukidanganya Tayari, hapo ndipo utakapomjua shemeji. Kutupiga, jitu lilitupiga, tena jioni nyingi, lakini hakuna aliyekufa kwa kuona haya kuuliza.

Jioni moja nilikuwa sebuleni kwao natengeneza waya wa feni, Kamanda akampigia shemeji kwenye kompyuta, sauti ikivuja mpaka nje ya hedifoni. Sauti ilikuwa tamu hiyo! Mganga wake mpya amemkimbia, jitu limebakiza pumzi kidogo, leo linaanguka kwa hakika, na nafasi ya shemeji ipo. Aje sasa hivi. Sharti moja dogo tu, abonyeze Tayari kama wenzake.

Mkono wa shemeji ulikuwa juu ya kipanya. Alitaka. Mimi namjua, na nakwambia alitaka mpaka shingo ilimkakamaa. Kile alichokiota tangu mwanzo kilikuwa mlangoni kwake kinabisha hodi. Nilifunga domo langu, kitu ambacho si kawaida yangu. Akainamia maiki.

"Bado," akasema, akavua hedifoni.

Walilimaliza bila yeye. Walipata mganga wa kuazima, wakaliangusha, wakatangaza kila mahali, picha za jitu chini na wao juu yake. Shemeji alizitazama zote mpaka ya mwisho, akazima kompyuta, akaenda kupiga pasi sare yake. Kaka alipokuja na chai na kuuliza swali lake, alijibiwa bado kwa sauti ndogo kuliko siku zote. Kesho yake kwenye basi neno lile lile lilitikisa vioo, na mwenye honi nyuma yetu alinyamaza kabisa.

Sisi tukaendelea. Wiki kwa wiki, Fundi Bomba akiwaka na kwenda zake ukutani, akitangaza safari yake kwa samahani. Mpaka jioni ambayo nyundo ilipanda mara ya mwisho, mzee akawaka, akatoka mbio peke yake, na mkono wa mganga ukamfikia huko huko kama alivyoahidiwa. Mimi mbele nimebakiza uhai kiduchu tu. Jitu likapiga goti. Likalala.

Kelele za siku hiyo siziwezi. Mwalimu alimwamsha mtoto wake. Mlinzi alikuwa anaimba. Fundi Bomba, ambaye siku hiyo shemeji alimkabidhi kiboksi akiongoze yeye, alipandwa na mzuka, akasema ndani zaidi kuna jingine, tuingie na moto huu huu. Akafungua kiboksi. Tisa Tayari, na mimi nimo.

Mmoja Bado.

Mzee akauliza kwa adabu yake ile ile. "Kimekosekana nini, mama? Dawa?"

"Zipo."

"Deraya?"

"Nzima."

"Sasa tunangoja nini?"

"Mume wangu anamalizia vyombo," shemeji akasema. "Akileta chai, kuna kitu ataniuliza."

Hakuna aliyeuliza tena. Tukangoja, watu kumi tumelizunguka jitu limelala, na kupitia dirishani nikasikia kaka yangu akifunga bomba la maji.