Siku Madam Chelangat Alipovishwa Aproni

Harufu ya githeri, yale mahindi na maharagwe, iliyoshika chini ya sufuria bado hunipandisha hasira. Wenzangu kazini hapa Bomet hunicheka, wanasema hawajawahi kuona mtu wa kugombana na githeri. Waacheni wacheke. Ninyi nitawaambia ilivyokuwa.

Nilikuwa darasa la pili katika shule moja ya msingi upande wa Sosiot, shule iliyozungukwa na majani chai hivi kwamba mpira ukipigwa vibaya tuliutafuta hadi kengele ilie. Kwa jina tu, mwalimu wetu alikuwa Madam Eunice. Alikuwa na duka la dawa za mifugo sokoni, na duka hilo lilimwona kuliko sisi. Aliyetufundisha hasa ni Madam Chelangat, msichana wa kijijini kwetu aliyemaliza sekondari akakosa karo ya chuo. Yeye aliitwa mwalimu wa kusaidia. Alfajiri alichuma chai na mama yake, kisha akaja shuleni vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, na mfukoni ana vikonyo vya chai vya kutufundishia hesabu.

Kwetu chai huchumwa majani mawili na chipukizi, kwa hiyo kila kikonyo alichotupatia kilikuwa na tatu. Vikonyo vinne, kumi na mbili. Tulihesabu kwa tatu tatu kabla hatujasikia kwamba kuna kitu kinaitwa kuzidisha. Aliyekosea hakuchapwa, aliongezwa kikonyo ahesabu upya. Kuna waliokosea makusudi ili wapate cha kutafuna, ingawa jani bichi la chai ni chungu ajabu.

Asubuhi moja mwalimu mkuu aliingia amevaa tai, tukajua kuna jambo. Mkaguzi alikuwa njiani, na hakutakiwa kukuta darasa mikononi mwa mtu asiyesomea ualimu.

“Mkiulizwa mwalimu wenu ni nani, mseme Madam Eunice. Tumesikizana?”

“Ndiyo, mwalimu.”

Akamgeukia Madam Chelangat hapo hapo mbele yetu, bila hata kupunguza sauti. “Wewe enda jikoni usaidie mpishi. Vaa aproni, na usitoke mpaka huyu mgeni aende.”

Madam Chelangat alipangusa chaki mikononi kwa sketi yake, akaenda. Sisi tulidhani ni mchezo.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, viatu vimejaa udongo mwekundu. Akauliza: watoto wanne wakipewa machungwa matatu kila mmoja, yote ni mangapi? Tukaingiza mikono ndani ya madawati, tukatoa vikonyo vyetu, tukavipanga. Kumi na mbili, tukasema kwa pamoja. Alifurahi mpaka akavua miwani.

“Nani amewafundisha hivi?”

Darasa zima likamtaja Madam Eunice, kama tulivyoagizwa. Yeye mwenyewe, aliyeitwa mbio kutoka dukani, alikuwa amesimama dirishani, amependeza. Kisha mkaguzi akaniinamia mimi, kwa kuwa nilikaa mbele. “Na hii majani, ni madam anawaletea?”

Jibu la swali hilo hatukuwa tumepewa. Nikasema nilichojua. “Hapana. Ni Madam Chelangat. Ako jikoni.”

Akaitwa. Alikuja na aproni yenye masizi, mwiko mkononi, na nyuma yake githeri ikaanza kuungua.

“Wewe ndio unafundisha hawa watoto?”

Alimtazama mwalimu mkuu, kisha akatutazama sisi. “Hapana, sir. Mimi ni wa jikoni. Hiyo majani nawaleteanga tu wachezee.”

Madam Eunice akacheka, akasema watoto wana mambo. Mkaguzi akampa mkono, akampongeza, na sisi tukaambiwa tupige makofi. Tukapiga. Mchana tukala githeri iliyoungua.

Nilimkasirikia Madam Chelangat, si mwalimu mkuu. Niliona ametukataa mchana kweupe. Jioni nilimwambia mama, naye alikuwa anakamua ng'ombe, kwamba Madam ni mwongo. Mama hakuinua kichwa.

“Angesema ndiyo, kesho mngefundishwa na nani?”

Sikumwelewa. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba msichana yule alimeza aibu mbele ya watoto aliowafundisha kusoma, kwa sababu neno moja tu la kweli lingemfukuza kwetu. Na wakubwa walijua kwamba ataimeza. Walimtegemea kwa hilo kama walivyomtegemea kushika darasa. Hilo ndilo linaloniuma, na sitaki kuambiwa ni mambo ya zamani.

Mwezi uliopita nilienda kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu. Mwalimu mkuu aliwasimamisha walimu mmoja mmoja, tukawapigia makofi. Kiprotich, kijana anayemfundisha binti yangu kusoma, alikuwa nyuma akibeba viti. Hakutajwa. Nikainua mkono, nikauliza mbona mwalimu wa mtoto wangu hajasimamishwa.

“Aa, huyo ni wa kusaidia tu, mama.”

“Anasaidia nani?”

Mwalimu mkuu alitabasamu, akataka kuendelea na ajenda. Jirani yangu alinivuta nguo nikae. Sikukaa.