Kilio Kisicho na Tusi

Nakumbuka siku ile mashine ya kusaga ilipoletwa kijijini kwetu, enzi za ujamaa, huku njia ya Segera. Lori lilikwama barabarani kwa tope, ikabidi injini tuivute wenyewe kwa kamba za mkonge, ikibingirika juu ya magogo. Mimi, mjukuu wangu, nilikuwa nimeshajiona mwendesha mashine, akina mama wananiamkia kwa heshima!

Kamba zilikuwa mbili. Wazigua tulishika moja, na watani zetu Wanyamwezi, waliohamia kutoka mashamba ya mkonge, wakashika ya pili. Watani unawajua. Kazi ikageuka mashindano palepale. Mimi niliwekwa mbele kupanga magogo, na mdomo haukutulia. Nilimwambia mtani wangu Kulwa kwamba anavuta kama bwana harusi mbele ya mkwe. Akanijibu kuwa uzito anaoujua Mzigua ni wa tonge tu. Nikajifanya nimebanwa, nikapiga mayowe huku nikimtukana Kulwa, watu wakacheka mpaka kamba zikalegea. Nikarudia tena, maana nilipenda sana kuchekwa.

Basi upande mmoja ukazidisha nguvu, injini ikaenda mshazari, gogo likachomoka, na mguu wangu ukaingia chini ya injini kwelikweli.

"Simameni, jamani, mguu wangu."

Wakacheka. Wakavuta tena.

Kulwa peke yake aliachia kamba. Akaja mbio, akasukumiza jiwe mbele ya injini, akasimama mbele ya wavutaji ametanua mikono. Kicheko kikakatika.

Hospitali ya Korogwe waliuokoa mguu. Vidole vidogo ndivyo vilivyokwenda. Kulwa akawa ananiletea uji, nami siku moja nikamwuliza alijuaje.

"Ulilia bila kunitukana," akasema. "Nikajua mtani wangu anakufa."

Sasa wewe kesho unaanza kazi ya kushusha mitambo kule Hale, na u mcheshi kama mimi babu yako. Sikukatazi kutania, mwanangu. Ila mzigo ukiwa bado haujatua, usilie kilio cha uongo, na mwenzako akisema simama, simama kwanza. Kama alikuwa anatania, mtamsimanga baadaye, mkiwa mmekaa mnakula.

Nenda salama. Mungu aitie nguvu mikono yako, akurudishe kila jioni na vidole vyako vyote, na akujalie mtani kama Kulwa, ambaye mpaka leo akinikuta njiani huniuliza vile vingine nimempa nani.