Kipindi cha Wanawake

Nyie mnaosema Mwanahija aliuza unyago, hebu nyamazeni kwanza. Mimi nilikuwa mpiga ngoma wake, nilikuwepo tangu mwanzo, na hakuuza kitu.

Mwanahija alikuwa kungwi wa Kivinje. Mume alishakufa, shamba la maana hakuwa nalo. Alikuwa na kazi hiyo tu na heshima yake. Mama akiona binti yake amevunja ungo, alikwenda kwa Mwanahija kabla hajamwambia hata baba mtu. Mimi mwenyewe wanangu wote wa kike aliwafunda yeye.

Basi ikaja miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo akafungua lake. Tajiri mmoja wa Dar akafungua televisheni, akaiita Mrima Televisheni. Ilianzia kwenye vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, hewani jioni tu, mieleka na filamu za Kihindi mpaka watu wakachoka. Ilikuwa ya bure, unasimamisha antena unatazama, ila sisi Kilwa mawimbi yake hayakutufikia. Wakaanza kutafuta mambo ya nyumbani, wakamtuma Restuta na kamera yake.

Restuta alikuwa binti wa Newala, Mkristo, mwenye adabu zake. Alipofika kwa Mwanahija alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe umechezwa unyago?"

"Nimechezwa, mama, kwetu huko."

Mwanahija akamuuliza mawili matatu ya ndani, akajibu vizuri. "Na hayo ya unyago utakayopiga picha yataonyeshwa wapi?"

"Kwenye kipindi cha wanawake, mama. Alhamisi alasiri."

Hapo ndipo alipokosea, na mngekuwa nyie mngekosea vilevile. Kwetu ngoma ya wanawake ikilia, mwanamume mwenye akili zake hapiti hata uchochoro ule. Nani angemwambia Mwanahija kwamba huko Dar kuna kipindi cha wanawake, na wanaume wamekaa wanakitazama? Alijua watatoka nje na mlango utafungwa. Akaruhusu, tukacheza.

Mwaka uliofuata wakasimamisha mnara Kilwa Masoko. Wiki ya kwanza, eti kutufurahisha wenyeji, wakatangaza kuwa watarudia kanda ya Kivinje. Mwanahija akavaa kanga mpya, akatukusanya wanawake, tukaenda mkahawani kwa Yahya, maana ndiye peke yake aliyekuwa na televisheni na jenereta. Tukakuta baraza limejaa wanaume wanakunywa kahawa.

"Waungwana, tupisheni kidogo," akasema Mwanahija. "Ni kipindi cha wanawake."

Wakacheka! Yahya akamwambia, "Kaa tu mama, hii ni ya kila mtu." Hakuinuka hata mmoja.

Mara picha hiyo: Mwanahija mwenyewe, anacheza, anaimba yale. Maneno siyataji, nami nimechezwa. Akaruka, akafungua kanga yake akaitandaza mbele ya kioo. Picha aliiziba, lakini sauti utaizibaje? Ikaendelea kumtoka mgongoni, na watu wazima waliokuwa wakimwamkia kwa heshima wakawa wanapiga makofi. Watoto wakadaka kiitikio palepale. Loo! Nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Kesho yake wavulana waliimba nyimbo zile sokoni. Jirani yetu mmoja, ambaye binti yake alikuwa ndani akingoja kufundwa, akaja kusimama mlangoni. "Umetuvua nguo sote, kungwi. Mwanangu simleti." Baada yake hakuja mwingine. Ngoma yangu ikaliwa na mchwa.

Mrima Televisheni nayo haikufika mbali. Stesheni zikawa nyingi, matangazo ya biashara yakakimbilia kwa wakubwa, tajiri akafunga. Mnara ukabaki chuma kitupu. Watu wakasema afadhali. Afadhali ya nini? Televisheni ilikufa, siri haikurudi ndani.

Halafu akavunja ungo mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake Maftaha. Maftaha akaja, macho chini.

"Mama, mtoto nampeleka Somanga. Kuna kungwi kule."

"Basi nami nije nikae hata mlangoni."

"Wenyewe wamekataa, mama."

Mwanahija hakubisha. Wiki zile hakula vizuri, na nilipomwambia apige moyo konde akanifukuza.

Walipomtoa mwali, wakamleta kumsalimia bibi yake, kapambwa, hina mpaka vifundoni. Mwanahija akamshika mikono, akaanza ule wimbo ambao kungwi huuliza na mwali hujibu. Aliimba polepole, akanyamaza, akangoja jibu. Sisi wakubwa tulijua kwamba kule Somanga nyimbo zile walishaziacha, walisema zimechafuka. Yeye hakuna aliyemwambia.

Mtoto akatabasamu, hana ubaya wowote.

"Bibi, huu si ule wimbo wa televisheni?"

Mwanahija akamwachia mikono.

"Ndio huo, mjukuu wangu," akasema.